Mtoto Atulie Anaposoma: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Kuanzia Kitandani Hadi Mezani

Wazazi wanaonijia huwa wamejaribu mambo yaleyale. Wamenunua meza, wamezima televisheni, wamekaa pembeni ya mtoto na fimbo. Siku tatu za kwanza mambo yanakwenda. Siku ya nne mtoto anatafuna penseli, macho yako dirishani. Kufika wiki ya pili, meza imegeuka mahali pa kuwekea nguo za kupasi, na mzazi anasema, "Mwalimu, huyu wangu kichwa chake hakitulii."

Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na karibu kila mara naona kosa liko palepale: mzazi anaanzia mezani. Mtoto anafika mezani akiwa tayari ameshindwa. Amelala saa saba usiku, amekunywa chai na andazi moja tangu asubuhi, haoni vizuri ubaoni, na anachotakiwa kusoma hajakielewa hata kwa lugha yake. Hapo hata ukimfunga kwenye kiti, kichwa hakiwezi kukaa.

Kosa la pili ni haraka. Mwongozo huu una hatua nane, nawe usizifanye zote wiki hii. Kamilisha moja, izoeleke, ndipo uende inayofuata. Jipe wiki sita hadi nane.

Ninaposema njia za asili nina maana ya usingizi, chakula, mchezo, mpangilio wa saa na namna unavyozungumza na mtoto. Sisemi mizizi ya kuchemsha wala unga wa "kuongeza akili" unaouzwa mitandaoni. Usimpe mtoto kitu ambacho hujui kimetiwa nini ndani yake. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini navyo mwondolee kabisa.

Mwongozo unawafaa watoto wa miaka 6 hadi 13, yaani darasa la kwanza hadi la saba.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la kwako wewe mzazi, si la mtoto.
- Saa ya ukutani yenye mshale wa dakika, inayoonekana kutoka mahali mtoto anaposomea.
- Boksi la viatu lenye kifuniko, la kuwekea simu.
- Karatasi chakavu zilizokatwa vipande vya ukubwa wa kiganja.
- Penseli mbili zilizokwisha kuchongwa, ufutio, rula. Viwe kwenye kopo moja.
- Taa moja ya uhakika. Kama umeme wenu hukatika, taa ya sola iliyochajiwa mchana.
- Chupa ya maji ya kunywa.
- Kalenda ya ukutani yenye tarakimu kubwa.

Hakuna kingine cha kununua. Meza maalumu ni jambo zuri, lakini nimeona watoto wakisomea vizuri juu ya mkeka na kigoda.

## Hatua ya 1: Chunguza siku saba, usibadilishe chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo sababu hatua nyingine zinashindwa.

Kila jioni andika mistari mitano. Alilala na kuamka saa ngapi. Alikula nini asubuhi na mchana. Alianza kusoma saa ngapi. Alitulia dakika ngapi kabla ya kuinuka, kuuliza jambo lisilohusika au kuchezea kitu. Na kilichomvuta ni nini.

Kaa mbali kidogo ukifanya shughuli yako. Chambua mchele, kunja nguo, huku ukitupia jicho saa. Akijua unampima ataigiza, na utaandika uongo.

Mpwa wangu wa darasa la tatu alikaa kwangu miezi miwili. Jioni ya kwanza alikaa saa 12 na robo. Akachonga penseli. Akaandika tarehe, akaifuta, akaiandika tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Akachonga penseli mara ya pili na kunusa yale maganda. Akafanya hesabu mbili, zote sawa. Kisha akaniuliza, "Shangazi, paka akilala anafumba macho yote mawili?" Nikatazama saa: dakika sita.

Mama yake alikuwa ameniambia mtoto huyu hakai hata dakika moja. Kumbe alikuwa na dakika sita, na zile hesabu mbili zilikuwa kazi halisi. Baada ya siku saba daftari likanionyesha jambo jingine: siku alizolala kabla ya saa 3 usiku alifika dakika tisa, hata kumi. Siku iliyofuata usiku wa mechi alifika nne.

Onyo: daftari hili ni siri yako. Usilisome mbele ya ndugu zake wala usimwambie, "Unaona, juzi ulikaa dakika nne tu."

Utajua umefanikiwa ukiwa na mambo mawili: wastani wa dakika zake, na adui mmoja anayejirudia kuliko wengine.

## Hatua ya 2: Hakikisha mwili hauna tatizo

Mtoto hawezi kukwambia kwamba haoni vizuri, kwa sababu anadhani kila mtu anaona hivyo.

Macho. Tundika kalenda mahali penye mwanga, pima mita 6, kama hatua nane za mtu mzima. Mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, asome tarehe unazomwonyesha. Kisha jicho la pili. Mlete mtoto mwingine wa rika lake afanye vilevile, ulinganishe. Jicho moja likishindwa pale ambapo lingine linasoma, au akikunja uso na kuinamisha kichwa, mpeleke kliniki ya macho. Dalili nyingine mwulize mwalimu wake: je, ananakili ubaoni, au ananakili kwenye daftari la jirani?

Masikio. Simama nyuma yake umbali wa mkono, mnong'onezee maneno matatu mafupi, kama "saba, samaki, chumvi", ayarudie. Sikio linalotoa usaha linahitaji matibabu. Usilitie mafuta.

Damu na minyoo. Hapa kaa kwa makini, maana ndipo watoto wengi wanapotea. Vuta chini kidogo kope ya chini ya jicho utazame ndani, kisha tazama viganja na kucha. Vikiwa vimepauka, damu inaweza kuwa pungufu. Mtoto anayelamba udongo, kutafuna mkaa au kupenda mno barafu naye apimwe, kwani tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Minyoo ya safura hunyonya damu taratibu, na mtoto anaonekana mvivu na mwenye kusinzia tu. Tukamwita mzembe, kumbe anaishiwa damu. Uliza shuleni kama dawa za minyoo zimeshatolewa mwaka huu. Kama bado, nenda kituo cha afya.

Onyo: usimnunulie vidonge vya kuongeza damu bila kipimo. Madini ya chuma yakizidi ni sumu kwa mtoto, na mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anahitaji mpango wake mwenyewe wa tiba.

## Hatua ya 3: Rudisha usingizi

Ukiwa na nguvu ya kutekeleza hatua moja tu, chagua hii.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Sasa hesabu kinyumenyume. Kama basi la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri na anaamka saa 11, basi saa 9 za usingizi zinamtaka awe amelala saa 2 usiku. Awe amelala, si awe anaoga. Wazazi wa mijini wakisikia hesabu hii hushtuka, maana saa 2 ndiyo kwanza baba anaingia na chakula bado kiko jikoni.

Ubongo wa mtoto asiyelala vya kutosha hauonekani kama wa mtu mzima aliyechoka. Mtu mzima anasinzia. Mtoto anaruka, anagombana, analia kwa jambo dogo, hakai. Ndiyo maana tunamwona ana nguvu nyingi na kumwacha akeshe.

Fanya hivi:

1. Usimrudishe kwa saa nzima kwa mkupuo. Vuta muda wa kulala nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu.
2. Mlishe watoto kwanza. Watu wazima wanaweza kula baadaye.
3. Televisheni na simu zizimwe saa moja kabla ya kulala. Kama sebule na chumba cha kulala ni kimoja, punguza sauti na mgeuzie mtoto kichwa upande wa pili, neti ishushwe.
4. Fuata utaratibu uleule kila usiku: kuoga, kupiga mswaki, hadithi fupi au dua, taa.
5. Jumamosi na Jumapili asipishane sana na siku za shule. Tofauti ya saa moja inatosha.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi. Katika nyumba nyingi mtoto wa kike ndiye anayeosha vyombo vya usiku, akateka maji ya kesho, ndipo afungue daftari saa 3 huku kaka yake amekwisha kulala. Huyo hakosi umakini. Gawa kazi sawa, na vyombo vya usiku vioshwe na mwingine, au visubiri.

Utajua umefanikiwa akiamka ukimwita mara moja tu, na mwalimu akiacha kulalamika kwamba anasinzia kipindi cha kwanza.

## Hatua ya 4: Panga chakula, hasa cha asubuhi

Kikombe cha chai na andazi hujaza tumbo upesi na kuisha upesi. Kufika saa 4 mtoto anafikiria njaa, si hesabu.

Mpe asubuhi kitu chenye kukaa: uji wenye karanga au maziwa, kiazi kitamu na yai, kiporo cha maharage na muhogo. Kiporo si aibu, mradi kimehifadhiwa salama na kupashwa moto hadi kikachemka.

Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Usiifute chai nyumbani, isogeze tu, iwe saa moja au zaidi mbali na mlo. Halafu ongeza chenye vitamini C karibu na mboga: ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha, pera, chungwa, juisi ya ubuyu isiyojaa sukari. Dagaa ni hazina tunayoidharau kwa kuwa ni ya bei nafuu. Wape watoto.

Kuhusu sukari, wazazi wengi huamini ndiyo inayowafanya watoto waruke. Mwaka 1995 Mark Wolraich na wenzake nchini Marekani walikusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa juu ya jambo hili na hawakuona sukari ikibadili tabia ya watoto wala uwezo wao wa kufikiri. Punguza soda kwa ajili ya meno, na kwa sababu inachukua nafasi ya chakula, lakini usitegemee mtoto atulie kwa hilo peke yake.

Akirudi shule, mpe kitu kidogo na maji. Ugali mzito uje baada ya kusoma.

Onyo: unga wa lishe uliochanganywa nafaka nyingi na karanga huota ukungu upesi ukihifadhiwa vibaya. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Saga kidogo kidogo, chambua karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi uzitupe.

## Hatua ya 5: Mchezo kwanza, daftari baadaye

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za kutoa jasho kila siku. Mtoto aliyekaa kwenye dawati tangu asubuhi, akakaa kwenye basi, kisha akafikishwa tyusheni, ameshaimaliza akiba yake ya kukaa.

Akifika nyumbani, avue sare, ale, acheze nje angalau nusu saa. Rede, kombolela, kuruka kamba, mpira wa makaratasi, vyote vinafaa.

Na kuna mchezo mmoja ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii, mdako. Chimba kishimo kidogo, weka kokoto kumi. Mtoto anarusha kete juu, anakomba kokoto zitoke shimoni, anaidaka kete kabla haijaanguka. Anairusha tena, anazirudisha zote isipokuwa moja. Jicho liko juu, mkono uko chini, kichwa kinahesabu zilizobaki. Mtazame uso mtoto anapocheza: midomo imefumba, hapepesi. Ule ndio umakini tunaoutafuta mezani, na tayari anao. Mwambie hivyo: "Umeona ulivyotulia pale? Kwenye hesabu tunataka hivyohivyo."

Usiku, vitendawili vinafanya kazi ileile kwa masikio. Kitendawili! Tega! Mtoto anayesubiri zamu yake ya kujibu anajizoeza kusikiliza hadi mwisho wa sentensi.

Akimaliza kucheza, aoge uso na miguu, apumzike dakika kumi. Usimtoe uwanjani akihema ukamkalisha kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Tenga mahali na saa isiyobadilika

Mahali pa kusomea pawe palepale kila siku, hata kama ni kona ya chumba. Mwili huzoea: akikaa pale, unajua kinachofuata.

Mtoto aelekee ukuta, mgongo uwe kwenye pilikapilika. Mwanga utoke upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, na upande wa kulia kwa mwenye shoto, ili kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Koroboi iache, moshi wake huchoma macho na kifua. Kopo la penseli, chupa ya maji na daftari la somo moja tu viwe mbele yake. Kila kingine kiondoke.

Simu zote zinaingia kwenye boksi la viatu, na boksi linakwenda chumba kingine au juu ya kabati. Nasema zote, yako pia. Mtoto akiona mzazi anapangusa kioo cha simu, jicho lake litaifuata simu.

Kwa wanaoishi chumba kimoja cha kupanga, najua ushauri wa "chumba tulivu" hauwasaidii. Badala ya kutafuta mahali, tafuta saa. Chagua saa ambayo nyumba yenu ina kelele chache. Kwa wengine ni saa 11 jioni kabla wapangaji hawajarudi kutoka kazini, kwa wengine ni Jumamosi asubuhi mapema. Wenye watoto wadogo wampe mdogo naye karatasi na penseli, akae upande wa pili "akisoma". Kwa wale ambao watoto wao huenda chuoni, yaani madrasa, baada ya Alasiri, weka masomo ya shule baada ya Magharibi, yawe mafupi, maana huyo ameshasoma mara mbili kwa siku moja.

## Hatua ya 7: Soma kwa vipande

Sasa, na sasa tu, tumefika mezani.

1. Chukua wastani wa dakika kutoka kwenye daftari lako, punguza mbili. Mpwa wangu alikuwa na sita, tukaanza na nne. Sababu ni kwamba kipande cha kwanza lazima akishinde. Mtoto aliyeshindwa kila siku kwa miaka miwili anahitaji kuona kwamba anaweza kumaliza kitu.
2. Andika kazi moja kwenye kipande cha karatasi. Usiandike "soma sayansi". Andika "hesabu namba 1 hadi 3" au "soma aya ya kwanza, niambie inamhusu nani".
3. Mwonyeshe mshale. "Mshale mrefu ukifika hapa, tunapumzika."
4. Pembeni weka karatasi ya pili, ya kuandikia mawazo yanayoruka. Akikumbuka jambo la paka au la mpira, anaandika neno moja au kuchora, kisha anaendelea. Mtamzungumzia paka wakati wa mapumziko. Timiza ahadi hiyo, la sivyo karatasi haitafanya kazi tena.
5. Mshale ukifika, akate kazi kwa mstari yeye mwenyewe. Mkono wake ndio ukate.
6. Mapumziko ya dakika tatu hadi tano. Maji, kujinyoosha, kwenda msalani, kutazama mbali nje. Simu na televisheni hapana, kwa sababu kutoka huko kurudi kwenye daftari ni kazi nzito mno kwa mtoto.
7. Rudia mara tatu au nne, kisha acheni. Hata kama anataka kuendelea, acheni. Kesho atakuja akiwa na hamu.

Kila wiki ongeza dakika mbili, kama wiki iliyopita alitimiza angalau siku nne kati ya tano. Asipotimiza, bakia palepale bila kusema neno. Mtoto wa darasa la kwanza akifika dakika 10 za kutulia kweli, mshukuru Mungu. Wa darasa la saba akifika 25 ametosha. Mpwa wangu alipoondoka kwangu alikuwa kwenye 12.

Onyo: usisimame juu ya bega lake kusahihisha kila herufi. Makosa myatazame mwisho wa kipande.

Utajua umefanikiwa akianza kutazama saa na kushangaa kwamba muda umekwisha.

## Hatua ya 8: Hakikisha anaelewa anachokisoma

Hii ningeiweka ya kwanza kama wazazi wangekubali kuanza nayo. Mtoto anayesoma maneno asiyoyaelewa hawezi kutulia, kama wewe usivyoweza kukaa nusu saa ukisikiliza redio ya lugha ngeni.

Shule zetu nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza. Aliye shule ya msingi ya Kiingereza, au aliyeingia kidato cha kwanza juzi, anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima wa namna mmea unavyojitengenezea chakula, matamshi safi kabisa, ukimuuliza mmea unahitaji nini anakutazama tu. Mzazi anasikia matamshi, anaridhika.

Kabla hajafungua kitabu, mweleze jambo lenyewe kwa Kiswahili, au kwa lugha mnayoongea nyumbani. Mpeleke nje mtazame jani. Lililo kivulini lina rangi gani, la juani je? Kisha orodhesheni maneno matano mapya ya ukurasa huo na maana zake. Ndipo asome. Wewe mzazi usiyejua Kiingereza unaweza kabisa kufanya hivi, kwa sababu maarifa ya mmea, maji, udongo na mwili unayo.

Akishasoma, afunge kitabu na akueleze. Wanaosoma chuoni wanaijua njia hii: unasoma, unafunika, unarudia kwa ghibu mbele ya mwalimu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Baada ya dakika tano, waliosoma matini kwa kurudiarudia walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kutazama ndio waliokuwa mbele kwa mbali. Kwa hiyo akisitasita anapokueleza, usimkatize. Kule kutafuta jawabu kichwani ndiko kusoma kwenyewe.

Na kwa kusoma hivi kichwa hakipati nafasi ya kuzurura, maana kuna swali linamsubiri.

## Siku inapoharibika

Itaharibika. Umeme umekatika, kuna msiba mtaani, mtoto amegombana na rafiki. Fanyeni kipande kimoja kifupi tu, ili saa ile isipotee kwenye mazoea yake, kisha mwachilie.

Akiwa amekasirika, mwambie anuse ua na kuzima mshumaa: avute pumzi taratibu kwa pua kana kwamba ananusa asumini, aitoe kwa mdomo polepole kana kwamba anauzima mshumaa. Mara tano. Fanya naye.

Fimbo iweke mbali na meza. Nimewaona darasani watoto waliozoea kupigwa wakisoma: jicho moja liko kwenye kitabu, la pili linafuata mkono wa mwalimu. Mtoto yule ana umakini mkubwa sana, lakini wote umekwenda kwenye fimbo. Ukitaka kusifu, sifu kitendo alichofanya: "Leo penseli ilianguka na hukuinuka." Neno hilo litamkaa kuliko kumwita hodari.

## Dalili za kumpeleka hospitali

Ukifuata hatua hizi miezi miwili na bado hakuna mabadiliko, kuna hali mbili za kumwuliza daktari.

Ya kwanza ni upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu kupita rika lake. Huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi sita au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Akiwa na shida shuleni peke yake, chunguza kwanza shule: ameketi wapi, anamwogopa nani, anaelewa lugha?

Ya pili wazazi wengi hawaijui. Mtoto ananyamaza ghafla katikati ya neno, anakodoa macho mbele, pengine kope zinapepesa, kwa sekunde chache. Ukimgusa haitiki. Kisha anaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakikutokea kitu, na inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Aliyezama tu kwenye mawazo ukimgusa bega anashtuka. Huyu hashtuki. Inaweza kuwa aina ya kifafa isiyomwangusha mtu, ina dawa, na watoto wamechapwa kwa ajili yake wakiambiwa wanazubaa.

Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa kwa daktari wa watoto. Ukiweza, mrekodi kwa simu pindi hali hiyo inapotokea. Na ubebe lile daftari lako dogo. Daktari atakuuliza analala saa ngapi, hali inatokea mara ngapi, ilianza lini, nawe utafungua ukurasa wa kwanza umsomee.